Jiwe la Mtani

Masaki, Kisarawe
6 Oktoba 1957

Kwa mwanangu Zahoro bin Mwinyimadi, aliyeko Mlandizi kwenye kazi ya serikali.

Marahaba, mwanangu. Najua hujaniamkia bado, lakini barua hii ikikufika utasema shikamoo kabla hujaikunjua, kwa hiyo naitikia mapema. Sisi huku tunakula, tunasali, tunagombana kidogo, ndiyo afya yenyewe. Mikorosho imechanua na mingine imeshaanza kuzaa. Dada yako Tatu amerudi kwangu kungojea kujifungua, maana mimba ya kwanza mtoto wa kike huizalia kwa mama yake. Hataki harufu ya samaki, hataki kuona muhogo, na mumewe akija kumtazama anageukia ukutani. Mimi mguu unanisumbua, lakini kalamu siishiki kwa mguu. Mwandiko huu ni wangu. Mwalimu wa darasa la watu wazima aliwaambia wenzangu kwamba herufi zangu zimesimama kama askari wa gwaride. Kasema yeye, si mimi.

Sasa nina neno. Juzi tulikuwa harusini, tunachambua mchele, jirani yetu Biubwa, ambaye mdomo wake unaujua, akaniuliza mbele ya wanawake wote, "Shoga, huyu mwanao msomi kazi yake hasa nini?" Nikasema analinda mawe ya serikali. Weee! Kicheko kilichopigwa pale kiliamsha kuku. "Mawe! Kwani yana miguu yatoroke? Mtoto umempeleka mpaka misheni Maneromango, watu wakakusema utamrudisha Mkristo, kumbe ulikuwa unamsomesha aje achunge mawe? Yanakula majani gani?"

Nilimjibu kwamba yanakula midomo ya wambeya. Lakini moyoni iliniingia, baba. Mimi najua kazi yako ni kubwa, mtu hapewi kofia na nyumba ya bati kwa kazi ndogo. Ila ukubwa wake sijui umekaa upande gani. Niandikie, nijue pa kuushikia.

Mimi mama yako,
Mwanahalima binti Abeid


Mlandizi
27 Oktoba 1957

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia, lakini sipendi kula marahaba ya mkopo. Barua yako kaniletea Isihaka, dereva wa lori la korosho, inanuka korosho yote. Mimi mzima. Mbu wa Ruvu wananipenda kuliko watu. Mpe Tatu pole, na mwambie mumewe hana kosa.

Kuhusu kazi, nakueleza ninachoruhusiwa kueleza. Kila lori linalotoka Morogoro kwenda Dar es Salaam linasimama kwenye mti wetu wa kizuizi hapa. Ninacho kisanduku chenye waya, nakipitisha juu ya mizigo. Penye mahindi kinalia mojamoja, tik, halafu kimya. Penye mawe ya aina fulani kinalia kama panzi wa shamba zima. Watoto wa hapa wameniita Bwana Panzi.

Mawe hayo ni meusi, na uzito wake unazidi umbo lake. Yakikusanywa mengi na kusafishwa kwa ujuzi wake, ndimo linamotoka bomu kama lile la Japani. Unakumbuka marehemu baba aliporudi kutoka vita vya Burma? Watu walimshangilia kwamba bomu limewamaliza adui zake. Yeye akauliza, "Na watoto wa mji ule?" Hakuna aliyemjibu. Basi mimi kazi yangu ni hiyo, mama. Mawe yasiende kwa siri kwa mnunuzi ambaye hajulikani anataka kuyafanyia nini.

Na jambo jingine. Mataifa mengi yamekubaliana kuweka nyumba moja huko Ulaya ya kuyaangalia mawe haya, yatumike kwa tiba na umeme na si kwa kuua. Bwana mkubwa wangu anasema mtu mmoja kutoka kwetu huenda akapelekwa kusomea ukaguzi huo, na jina langu limo kati ya yanayofikiriwa. Halijawa bado. Tafadhali, mama, hili ni lako peke yako.

Mwanao mtiifu,
Zahoro


Masaki
24 Novemba 1957

Zahoro, jicho langu la kulia,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Siri yako nimeitunza sana. Nimewaambia watu wa nyumbani tu, na wa kisimani, maana kisimani ni kama nyumbani, na Biubwa, kwa sababu yeye angejua tu. Nimemwambia, "Yule mchunga mawe anakwenda kuyachungia Ulaya." Alimeza mate, nikayasikia yakishuka.

Tatu sasa tumbo limetangulia mbele, yeye anafuata. Korosho tunaanika.

Sasa nikuchekeshe. Utani wetu na Wanyamwezi ninyi mliosoma hamuujui sawasawa: mtani akikutukana unacheka, na wewe ukimkuta na kitu unakiteka, hukirudishi mpaka akikomboe. Basi yuko Mnyamwezi mmoja, Kitwana, babu yake alikuwa mpagazi akalowea Maneromango. Huyu kazi yake kuchukulia watu mizigo kwa baisikeli. Juzi kapita kwangu akitokea njia ya Mzenga, magunia mawili nyuma ya baisikeli, jasho linamchuruzika. Tumekaa uani na Biubwa na wengine, tunabangua korosho.

Akapaza sauti, "Hodi, Wazaramo wavivu! Nasikia mwanao kaziba barabara kubwa, mawe hayapiti! Basi mimi nimeyapitisha kwa mama yake!"

Tukaangua kicheko. Nikamwambia, "Mtani, wewe huna akili ya kuiba hata fenesi."

Akasema, "Nipe maji ninywe, halafu mawe niyafiche uvunguni mwako. Nani atamkagua mama wa mkaguzi?"

Biubwa alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Nami nikainuka, nikasema, "Kwa maneno hayo, gunia hili nimeliteka!" Nikalivuta, nusura linipasue bega. Unajua ndani mlikuwa na nini? Jiwe kweli! Jeusi, kama nazi mbili zilizoshikana, zito kama limemeza shoka. Mtu kabeba jiwe njia yote ile ili utani wake utimie! Mtani mwenye bidii namna hii sijamwona. Akacheka mwisho kuliko wote, akaondoka na gunia lake la pili, akasema atarudi kulikomboa nililoliteka.

Nimemwambia Biubwa, "Waona, hata mawe yananifuata." Limefaa sana. Tunazuilia mlango wa chumba cha Tatu, sasa upepo haupigi.

Mama yako anayekuombea safari ya Ulaya,
Mwanahalima binti Abeid


Mlandizi
5 Desemba 1957

Mama, shikamoo.

Jiwe hilo liondoe chumbani kwa Tatu leo. Asilishike yeye. Lisogeze mbali na nyumba, lifunike, usimwonyeshe mtu, usimpe mtu. Ukimaliza nawa mikono.

Kitwana amerudi? Gunia la pili alilipeleka wapi? Alitumwa na nani?

Siwezi kuandika zaidi sasa.

Zahoro


Masaki
19 Desemba 1957

Mwanangu Zahoro,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuja mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Hukumuulizia Tatu hali yake. Hukuniuliza mguu. Hukuandika "mwanao mtiifu". Nilidhani labda nimekukosea kwa kutangaza safari, nikakasirika, nikasema haya, wasomi ndivyo walivyo. Halafu nikaisoma tena.

Nimelitoa. Tatu nimempeleka kwa shangazi yake, nimemwambia chumba kina kunguni, naye ameudhika kwa sababu alikipiga deki mwenyewe. Jiwe liko mahali. Mahali penyewe sikuambii.

Kitwana amerudi. Kaja na doti ya kanga mpya kulikombolea jiwe. Doti nzima, Zahoro, kwa jiwe! Nikamtupia neno ili anijibu, nikamwambia, "Mnyamwezi, leo umekuja kunichumbia?"  Alisimama kama mtu aliyefiwa, akasema, "Mama, nakuomba unipe." Mtani akiacha kutania, ujue kuna jambo. Nikamwambia kanga hizo rangi yake siipendi. Nilizipenda sana.

Najua nilichonacho, mwanangu, sikusoma lakini si mjinga. Yule alisema kweli mchana kweupe, na kwa kuwa ni mtani, tukacheka. Ninalolitaka kwako ni moja tu: unaogopa nini? Ukinyamaza mimi nakusikia, nilikusikia hata kabla hujazaliwa. Niambie.

Mama yako


Mlandizi
30 Desemba 1957

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Tatu hajambo? Nisamehe kwa barua ile.

Nakujibu swali lako. Sheria inasema yeyote anayekutwa na jiwe hilo bila kibali ana kosa, na hapana mstari unaosema isipokuwa mama wa mkaguzi. Nikisema lilipo, askari watakuja Masaki kwako. Na mkaguzi ambaye jiwe limelala nyumbani kwao hatapelekwa Ulaya, huenda hata hapa asibaki. Nisiposema, njia ya Mzenga na Maneromango itaendelea kupitisha magunia, nami nitasimama hapa na kisanduku changu kama mtu anayefunga mlango wa mbele huku nyumba haina ukuta wa nyuma.

Wiki iliyopita nilimshika utingo mmoja wa lori ana vijiwe viwili mfukoni. Alilia akasema ni vya mama yake, vya kusagia dawa. Nilimpeleka polisi hivyo hivyo. Usiku ule, na kila nikila, namwona.

Kesho naandika ripoti kwa bwana mkubwa. Sikuombi ruhusa, maana ukikataa sitajua la kufanya. Barua hii naituma kwanza, uipate kabla askari hawajafika, usishtuke. Uwaambie kweli tupu.

Mwanao mtiifu, kama bado unanikubali,
Zahoro


Masaki
3 Januari 1958

Zahoro wangu,

Barua yako haijafika. Wanasema lori la Isihaka limevunjika ekseli huko njiani. Nimechoka kungoja jibu, kwa hiyo nimefanya langu. Soma ukiwa umekaa.

Nilimwendea Kitwana kwake. Nilimwambia, "Mtani, ulisema kweli kwa utani, mimi nikacheka. Sasa twende ukaiseme bila utani." Akaanza kulia mtu mzima. Akasema tajiri mmoja wa mjini ndiye anayemlipa, anamwambia ni mawe ya wenye viwanda, ila asipite Mlandizi. Nikamwuliza, "Na wewe hukujiuliza kwa nini usipite Mlandizi?" Akasema alijiuliza, ndiyo maana akaja kulitania kwangu, kulitoa moyoni. Nikamwambia, "Basi beba hili pia ulitoe mgongoni."

Tumekwenda mpaka Kisarawe bomani, yeye na baisikeli, mimi nyuma na mguu wangu. Watu wote njiani, "Mama Zahoro, safari?" Nikawaambia nakwenda kumsalimia Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya. Pale barazani karani akaniuliza shida yangu. Nikamwambia nimeleta jiwe. Akasema, "Mama, mawe hapa tunayo." Nikamwambia, "Hili si la kujengea. Mwite mwenye akili." Walipoleta panzi wao, yaani kisanduku kama chako, kikalia mpaka karani akaruka nje kwa dirisha, wallahi sizidishi. Labda nazidisha kidogo. Alitoka kwa mlango, lakini mbio.

Walituweka chumba kimoja mpaka jioni. Waliniuliza jina, waliniuliza jina lako. Nimewaambia jiwe nililiteka mwenyewe kwa ada ya utani, mwanangu hajui hata rangi yake. Hapo nilidanganya. Mzungu akanitazama, akamwuliza mkalimani utani ni nini, wakakaa juu ya neno hilo muda mrefu kuliko juu ya jiwe. Mimi wameniachia. Kitwana wamembakiza, lakini ameshawataja anaowajua, na wamesema hilo litamsaidia. Huku Masaki wameshasema Mwanahalima kafungwa, kisha wakasema kafunguliwa kwa hongo ya korosho. Waseme.

Nimefanya hivi, baba, kwa sababu nakujua. Wewe kumtaja mama yako usingeweza. Ungekufa na hilo neno kooni. Basi nimejitaja mwenyewe, wewe ubaki na moyo mweupe.

Mama yako,
Mwanahalima binti Abeid


Mlandizi
20 Januari 1958

Mama yangu,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani. Sasa ile yangu ya tarehe thelathini itakuwa imekufika, nawe umeshajua.

Ningeweza kukaa kimya. Bwana mkubwa alipata ripoti yangu na habari ya bomani kwa pamoja, akadhani tumepanga, na hapa kila mtu anasema mama na mwana walikuwa na shauri moja. Lakini wewe umeandika kwamba nisingeweza. Mama, niliweza. Niliandika tarehe thelathini na moja, nikiwa sijui kama umekwenda popote. Niliandika jina lako lote, Mwanahalima binti Abeid wa Masaki, na nyumba ilipo, na kwamba jiwe lilikuwa mlangoni pa chumba cha dada yangu. Kalamu ilisimama, lakini iliandika.

Uongo wako wa bomani nao nimelazimika kuusahihisha. Nilisema nilijua.

Tajiri amekamatwa ghalani kwake pamoja na gunia lile la pili. Njia ya Mzenga imewekewa watu. Mimi nimebakishwa kazini, nimepewa onyo kwa kuchelewa kusema. Ulaya anakwenda mwingine. Ni kijana mzuri.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao mtiifu,
Zahoro


Mlandizi
16 Machi 1958

Mama, shikamoo.

Isihaka amepita, nikamwuliza, akasema ulimwambia huna barua. Mvua zimeanza. Mto Ruvu ukijaa lori halitapita tena mpaka masika yaishe. Tatu amejifungua? Sina wa kumwuliza ila wewe.

Zahoro


Masaki
18 Mei 1958

Kwa Zahoro bin Mwinyimadi,

Marahaba. Hii ni ya barua zote tatu, maana ile ya utingo nayo ilifika, na ya zile ambazo hukuziandika.

Tatu amejifungua salama mwezi wa nne, mvua imepasua anga, mkunga kaja na jani la mgomba kichwani. Mtoto wa kike. Tumemwita Mwanamvua. Ana pumzi ya kulia utadhani analipwa, vidole vyote vipo, nimevihesabu mara nyingi kwa sababu unayoijua. Anafanana na mimi, kila mtu anasema, hata ambao sikuwauliza.

Kitwana ameachiwa. Kapita hapa, kasimama mbali kidogo, kasema, "Mzaramo, wewe ukimteka mtu humrudishi!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Utani umepona.

Sasa mimi na wewe. Mvua ilifunga njia, ni kweli. Lakini Isihaka alipopita njia ilikuwa wazi, na barua sikuwa nayo kwa sababu sikutaka kuwa nayo. Ile yako ya Januari niliisoma mpaka pale penye jina langu lote, nikaikunja, nikaitia chini ya mkeka. Nilikuwa nimekwenda kule na mguu wangu mbovu nikijisifu njia nzima moyoni: ananipenda mno, hawezi. Kumbe ulishaweza. Kila mama anataka awe yeye mmoja tu duniani ambaye mwanawe kwake hawezi. Ndilo lililoniuma. Ulaya haikuniuma, Ulaya kuna baridi.

Nikamweleza Biubwa, maana sikuwa na mwingine. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Akaniuliza, "Shoga, na yule utingo aliyesema mawe ya mama yake, mwanao alimwachia?" Nikasema hakumwachia. Akasema, "Basi angekuachia wewe, yule mama wa utingo angemwambia nini?" Nikamwambia arudi kwake, ana kazi nyumbani. Lakini neno lake lilibaki uani baada ya yeye kuondoka.

Juzi nilikuwa nambembeleza mtoto katika chumba kile, mlango umefunguliwa. Nikawaza, kila jiwe linalofika kwa wauaji, lazima njiani palikuwa na mtu aliyemwonea mama fulani haya. Akasema, pita tu. Marehemu baba yako aliuliza habari za watoto wa mji ule, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokaa kimya, maana sikuwa na jibu. Sasa nimeona mwanangu anasimama barabarani na jibu mkononi, nami nanuna kwa sababu amenijibu na mimi.

Nimekwisha kununa. Wa kisimani wameniuliza vipi Ulaya, nikawaambia wameshindwa kumchukua, anahitajika hapa.

Maji ya Ruvu yakipungua nitakuja Mlandizi na lori la Isihaka, na Tatu, na mtoto umwone. Nitakuwa na kikapu cha korosho, kuku wawili, na unga. Tutasimama kwenye mti wako pamoja na abiria wengine wote, na watu wakikuambia huyu ni mama yako, usiwasikilize. Leta kisanduku, fungua kikapu, angalia mpaka chini ya unga.

Unikague kwanza, ndipo uniamkie.

Mama yako,
Mwanahalima binti Abeid wa Masaki